Moodle kwenye Seva Yako: Siku Moja ya Kuiweka, Mwaka Mzima wa Kuitunza

Mwaka jana wakati wa BTP nilipangiwa shule moja ya kata, kufundisha Jiografia Kidato cha Tatu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 12, zinazowaka 9. Nikasema hii ndiyo nafasi. Nikakodi seva, nikaweka Moodle, nikatunga majaribio ya usomaji wa ramani, na wanafunzi 86 wakawa wanakuja kwa zamu baada ya vipindi. Walipenda mno, maana matokeo yalikuwa yanatoka papo hapo. Wiki ya sita, asubuhi moja, tovuti haifunguki. Kumbe seva yenyewe haipo tena.

Nitarudi hapo. Kwanza niseme kwa nini naandika. Kila semista wenzangu wa Elimu hunifuata pale kwenye vimbweta: "Hivi Moodle unaiwekaje?" Nikishawaelekeza, wanaondoka. Hakuna anayeuliza unaitunzaje. Na mimi sikuuliza.

Tuanze na seva pepe ni kitu gani. Kampuni ina kompyuta kubwa kwenye jengo lake, na kwa kutumia programu inazigawa vipande vipande. Kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili: kina kumbukumbu yake, diski yake na anwani yake ya IP. Ichukulie kama nyumba ya kupanga. Paa na umeme ni juu ya mwenye nyumba. Kufuli, usafi wa ndani na kodi ni juu yako. Chumba kidogo, chenye RAM ya GB 1 au 2, huwa kati ya dola 5 na 12 kwa mwezi. Boom ikiingia unaimudu. Boom ikichelewa ndipo shida inapoanza.

Moodle yenyewe ni bure. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, na toleo la 1.0 lilitoka 2002. Leseni yake inakuruhusu kuitumia na hata kuibadilisha. Mifumo ya masomo ya vyuo vingi imejengwa juu yake, kwa hiyo ukiijua umejua kitu utakachokutana nacho kazini.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mfumo endeshi. Chukua Ubuntu yenye alama ya LTS, mfano 24.04 iliyotoka Aprili 2024, kwa sababu hupata masahihisho ya usalama kwa miaka 5. Ukishapewa anwani ya IP, unaingia kwa SSH: unaandika amri kwenye kompyuta yako na seva inajibu kwa maandishi. Hakuna kipanya, hakuna picha, skrini nyeusi tu. Usiogope. Amri zako za mwanzo ni apt update, kisha apt upgrade, ili programu zote ziwe za karibuni.

Hatua ya pili ni kufuli, na wengi tunairuka. Tengeneza mtumiaji wa kawaida badala ya kuingia kila siku kama root, ambaye ana mamlaka yote. Weka ufunguo wa SSH, kisha zima kabisa kuingia kwa nywila. Usidhani hakuna anayekujua. Siku yangu ya pili tu nilifungua kumbukumbu za seva nikakuta mamia ya majaribio ya kukisia nywila. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila mlango. Halafu washa ufw, programu ya kufunga milango, na uache wazi mitatu tu: 22 wa SSH, 80 na 443 ya tovuti. Ruhusu 22 kabla hujaiwasha, la sivyo utajifungia nje mwenyewe. Yalinikuta.

Hatua ya tatu ni programu tatu zinazofanya kazi pamoja. Apache hupokea ombi la kivinjari. PHP hutekeleza maelekezo ya Moodle. MariaDB ni hifadhidata: majina, maswali, majibu na alama vinakaa humo. MariaDB haina haja ya kuonekana nje, kwa hiyo mlango wake, 3306, ubaki umefungwa.

Hatua ya nne ni Moodle yenyewe. Ina sehemu tatu, na uzikumbuke maana tutazihitaji tena: msimbo, hifadhidata, na folda iitwayo moodledata yenye mafaili yanayopakiwa. Folda hii ikae nje ya folda ya tovuti. Ukiichanganya humo, mtu anaweza kupakua kazi za wanafunzi kwa kuandika anwani tu. Kisha weka cron, yaani kazi inayojirudia yenyewe kila dakika. Bila hiyo barua pepe haziendi na shughuli za ndani zinalala.

Hatua ya tano ni jina na cheti. Nunua kikoa, kielekeze kwenye IP yako, halafu tumia certbot kupata cheti cha Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti bure tangu 2015. Bila cheti nywila za wanafunzi husafiri wazi kwenye mtandao. Cheti hicho huwa cha siku 90, na certbot hukihuisha yenyewe. Wewe jaribu mapema kwa certbot renew --dry-run uone kama kweli itafanya hivyo.

Hapo umemaliza. Ukiwa na utulivu, ni kazi ya Jumamosi moja. Mimi nilimaliza saa nne usiku, nikawatumia picha ya skrini wenzangu wote wa kozi.

Sasa asubuhi ile. Nililipia seva kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu. Mwezi wa pili kadi haikuwa na salio. Kampuni ilituma taarifa, lakini kwa barua pepe niliyofungulia akaunti tu na siisomi. Seva ikasimamishwa, na muda waliotoa ulipopita, ikafutwa. Nakala rudufu nilikuwa nayo. Ilikuwa wapi? Kwenye seva hiyohiyo. Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu mlezi nimenywea. Madam hakunigombeza. Alifungua droo, akatoa daftari lake la alama. Kila Ijumaa alikuwa akinakili matokeo kutoka kwenye skrini kwa kalamu, na mimi nilikuwa nikicheka moyoni. Akaniuliza, "Mwanangu, ya kwako iko wapi?" Alama zikaokoka. Majibu yenyewe, ambayo ndiyo yangenionyesha nani haelewi kipimo cha ramani, yalipotea moja kwa moja.

Kwa hiyo, mwenzangu unayekwenda BTP, kabla hujampa mwanafunzi anwani, hakikisha mambo manne.

Moja, nakala za kila usiku za hifadhidata na moodledata, pamoja na faili la config.php, ziende mahali pengine kabisa: seva nyingine, au hata flashi kwenye begi lako. Na mara moja kwa mwezi jaribu kuzirejesha kwenye kompyuta yako. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu.

Mbili, bili ije kwenye barua pepe unayoisoma, na weka kikumbusho cha simu wiki moja kabla.

Tatu, ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ina masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Seva yako inaweza kuwa Ujerumani. Zungumza na mkuu wa shule, na watumie wanafunzi namba badala ya majina kamili.

Nne, jiulize nani atabaki nayo ukiondoka. BTP inaisha, watoto wanabaki. Kama hakuna wa kulipa na kusahihisha programu, wakabidhi maswali kwenye karatasi, kisha uifunge seva kwa heshima.

Semista hii nimeiweka upya. Nakala zinakwenda sehemu mbili kila usiku, na kila Ijumaa nachukua kalamu nanakili alama kwenye daftari.