Ardhi Ikiporomoka Chini ya Bahari

Umewahi kuona ukingo wa Mto Mara ukimeguka wakati wa masika? Udongo hutumbukia, maji huruka. Chini ya bahari nako kuna miteremko mikubwa. Tetemeko likiutikisa mteremko, udongo na mawe huporomoka na kusukuma maji. Wimbi hilo kubwa huitwa tsunami.

Julai 17, 1998, huko Papua New Guinea, wimbi la namna hiyo liliua watu zaidi ya 2,000. Lilifika pwani kabla ya nusu saa kupita. Nani angewahi kuwaonya? Mwaka 2004 tsunami nyingine, ya tetemeko lenyewe, iliua watu hata Dar es Salaam.

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tuko mbali na bahari. Lakini mwanao aliyeko Tanga mwandikie hivi: ardhi ikitikisika kwa nguvu, au maji yakirudi nyuma ghafla, si kupwa kwa kila siku, asisimame kuokota samaki. Akimbilie mahali palipoinuka.