Mitambo ya Kulifuata Jua, na Mali ya Wakfu

Mwezi wa Shaabani uliopita alitujia Newala mfanya biashara mmoja, akatandaza karatasi zake mbele ya kamati ya msikiti wetu, akatueleza habari za mitambo ya kulifuata jua. Alisema kwamba paneli za sola tulizo nazo juu ya bati zimelala tu, hazigeuki; bali yeye aweza kutuletea nguzo yenye mota, itakayozigeuza toka macheo hata machweo mfano wa ua la alizeti. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na bei ya paneli zetu zote sita.

Mzee mmoja wa kamati akatugeukia akauliza, "Maalimu, jua hutujia kila siku bila ya kuitwa. Yatufaaje kununua mashine ya kulikimbilia?"

Watu walicheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Fedha zilizokuwa sandukuni ni mali ya wakfu, mazao ya mikorosho tuliyoachiwa na marehemu, na mwenye kuitumia vibaya mali hiyo ana Siku ya kuulizwa. Tukaomba tupewe siku saba tulitazame jambo hili.

Na tulikuwa na sababu ya kuogopa haraka. Miaka minne nyuma, fundi aliyetuwekea paneli zile alifuata kijitabu kilichokuja pamoja na mzigo, nacho kiliamuru paneli zielekezwe kusini na kuinamishwa digrii 25. Akafanya hivyo kwa uaminifu. Lakini kijitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya watu wakaao kaskazini ya dunia, ambao jua lao la adhuhuri huwa upande wa kusini kwao. Ulipofika mwezi wa Juni, taa zikawa zazimika kabla ya Isha, na watoto wa darasa la usiku wakarudia kusoma kwa koroboi. Ikasemwa kwamba betri imekufa. Ikanunuliwa betri mpya, na taa zikazimika vile vile.

Aliyetuzindua ni mwanafunzi. Tulikuwa uwanjani tukiwafundisha vijana nyakati za Sala kwa kijiti, kama tulivyofundishwa sisi: kivuli hupungua mpaka jua lifike kati, kisha kikianza kuzidi, hapo ndipo zawali, na wakati wa Adhuhuri umeingia. Kijana mmoja akauliza kwa nini kivuli cha adhuhuri kinaanguka nyuma yetu hali sisi tumeelekea kibla. Tukatazama kijiti, kisha tukatazama bati la msikiti, tukaona haya. Jua lilikuwa upande wa kibla, na paneli zetu zilikuwa zimelipa mgongo.

Msomaji wa Newala na wa Masasi alifahamu jambo hili vizuri. Sisi tuko kiasi cha digrii 11 kusini ya ikweta, na Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita mbali na utosi kwa kiasi cha digrii 34 upande wa kibla. Mwezi wa Desemba hupita upande wa pili, nyuma ya mwenye kusali, kwa digrii 12 hivi. Karibu na tarehe 20 Februari, na tena karibu na tarehe 22 Oktoba, husimama utosini hata kivuli cha kijiti kikakosekana. Paneli iliyoelekezwa kusini kwa digrii 25 hupata, adhuhuri ya Juni, nusu tu ya nguvu ya miali ya jua; ikielekezwa kibla kwa digrii 11 hupata zaidi ya sehemu 90 katika 100. Tuliziondoa, tukazielekeza kibla, na taa zikakaa. Ile betri ya pili ilikuwa hasara tupu.

Mitambo ya kufuata jua yatokana na elimu hii hii. Mwanga ukiipiga paneli wima hutoa umeme mwingi. Ukiipiga kwa ubavu hutoa kidogo, kama mvua iangukavyo juu ya ndoo iliyoinamishwa. Katika mashamba makubwa ya umeme, paneli hupangwa kwa safu ndefu juu ya mhimili uliolazwa kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwetu sisi ungelala juu ya mstari wa kibla. Asubuhi paneli hutazama kulia kwa mwenye kusali, adhuhuri hutazama juu, na alasiri hutazama kushoto kwake. Mtambo hauna haja ya kulitafuta jua kwa macho. Mingi huendeshwa kwa hesabu ya mahali, tarehe na saa, kwa kuwa mwendo wa jua una hisabu isiyokosa, nayo Qurani imeitaja katika Suratur Rahman.

Ndugu zetu wa zamani waliijua hisabu hii. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, alitengeneza saa ya kivuli katika mwaka 1371, akauinamisha mti wake ukawa sambamba na mhimili ambao dunia yenyewe huzungukia. Na katika mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Mmarekani Frank Shuman alisimamisha vioo virefu vilivyogeuzwa kulifuata jua, vikachemsha maji, na mvuke wake ukaendesha pampu ya kumwagilia mashamba.

Katika nchi za jirani, mfano mzuri uko Rwamagana, Rwanda. Kituo chake cha megawati 8.5, kilichoanza kazi mwaka 2014, kina paneli 28,360 zigeukazo toka mashariki hata magharibi, nacho kimejengwa katika ardhi ya kijiji cha vijana kilichoanzishwa kwa ajili ya mayatima wa mauaji ya 1994. Huko Omani, kituo cha Ibri cha megawati 500, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2022, kina paneli kama milioni 1.5 zifuatazo jua na kupokea mwanga pande zote mbili. Hapa kwetu Tanzania, mkataba wa kituo cha Kishapu, Shinyanga, ulitiwa saini mwaka 2023, megawati 50 kwanza kati ya 150.

Faida yake si ndogo. Mtambo wa mhimili mmoja huongeza umeme kwa sehemu 15 hadi 25 katika 100. Wa mihimili miwili, kama aliotuletea yule mfanya biashara, huongeza 30 hadi 40. Siku ya mawingu mazito faida hiyo karibu yote hupotea, maana mwanga hutoka mbingu nzima. Na kitu kigeukacho huchakaa: kina mota, kina vyuma vya kutiwa mafuta. Upepo ukivuma sharti paneli zilazwe bapa, na kila aliyesimama Shimo la Mungu alasiri aujua upepo wetu. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga ng'ambo ya Ruvuma. Nguzo moja iliyobeba paneli sita ni tanga kamili.

Siku ya saba tuliirudia kamati na hesabu fupi. Paneli sita zenye mtambo huzaa kama paneli nane zisizogeuka. Mtambo una bei ya paneli sita. Sisi twahitaji paneli mbili tu. Mfanya biashara, Mungu amlipe, hakubisha. Alikiri kwamba mitambo hii huwafaa wenye maelfu ya paneli, ambako mota moja hugeuza safu nzima, na ambako umeme wa asubuhi na wa jioni unauzwa. Kamati ikanunua paneli mbili.

Yeye akaenda zake Masasi, ambako alisema yuko mwenye ghala la korosho, naye ana ekari nyingi. Huenda huko ndiko mahali pake. Lakini shamba la paneli halitaki kivuli, na mikorosho itakatwa. Mkorosho mchanga hungojwa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na mikataba ya ardhi kama hii huwa ya miaka 20 na zaidi. Vijana wa Masasi ambao ardhi yao ni ya ukoo, wawaite mama zao na shangazi zao wasomewe mkataba kwanza, kwa kuwa fungu lao limo katika mirathi hiyo. Wakati wa kupuliza salfa nao wasiusahau: vumbi lake hutua juu ya paneli kama litulavyo juu ya majani, na mwenye kuzifuta lazima awe amelipwa. Zetu nane huzifuta wanafunzi kila Ijumaa asubuhi, kwa kitambaa na maji nusu ndoo, maana maji Newala nayo yana bei.