Mashine Rahisi, Gesi Ghali: Hesabu za Biashara ya Pumzi

Machi 2020 serikali nyingi ziliingia sokoni kusaka kitu kimoja: ventileta, mashine inayompumulia mgonjwa kwa mpira uliopitishwa kooni. Bei zilipaa na zabuni zikafanywa usiku kucha. Wakati huohuo, madaktari wa kaskazini mwa Italia walikuwa wakiwavisha wagonjwa wa UVIKO-19 kofia za plastiki angavu zinazofunika kichwa chote, na wenzao wa Uingereza wakigeukia barakoa za CPAP. Vifaa hivi husukuma hewa na oksijeni kwa presha huku mgonjwa akiwa macho, akiongea, akiomba maji. Havihitaji dawa ya usingizi, na mara nyingi havihitaji hata kitanda cha chumba cha mahututi.

Kibiashara, tofauti hiyo ni kubwa. Ventileta ni mtambo wa kisasa wenye wazalishaji wachache. CPAP ni kifaa ambacho karakana nzuri inaweza kukichonga, na ushahidi ulitoka London na Brixworth. Wahandisi wa chuo kikuu cha UCL na kiwanda cha Mercedes cha injini za magari ya mbio walichukua kifaa cha zamani ambacho hataza yake ilikuwa imekwisha muda, wakakifungua, wakakichora upya, na chini ya saa 100 baada ya kikao cha kwanza wakawa na sampuli mkononi. Mashine 40 zilizozoea kuchonga pistoni zikahamishiwa kazi hiyo, zikitoa hadi vifaa 1,000 kwa siku. Serikali ya Uingereza iliagiza 10,000, na Aprili mwaka huo michoro ikatolewa bure kwa dunia.

Ukigawa mchoro bure, pesa inabaki wapi? Jibu moja liko New Zealand. Fisher & Paykel Healthcare hutengeneza mashine zinazopeleka hewa yenye oksijeni puani kwa kasi ya hadi lita 60 kwa dakika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 mapato yake yalifikia dola bilioni 1.97 za nchi hiyo, ongezeko la asilimia 56, na faida ikafika dola milioni 524. Itazame mashine yenyewe kwa karibu: kisanduku juu ya nguzo, kikopo cha maji kinachopashwa moto ili hewa iingie puani ikiwa na unyevu na joto la nyuzi 37, mpira wenye waya wa joto ndani yake, kisha vijirija viwili vya puani. Kisanduku hununuliwa mara moja. Kikopo, mpira na vijirija ni vya kubadilishwa, mgonjwa hadi mgonjwa. Mwenye kiwanda anaweza kukuuzia kisanduku kwa bei nafuu na bado akalala vizuri.

Philips ya Uholanzi haikulala. Juni 2021 ililazimika kuwataka watumiaji warudishe mamilioni ya CPAP na mashine nyingine za kupumulia kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyokuwa ndani yake ilimomonyoka na ingeweza kuvutwa na mtumiaji. Aprili 2024 ilikubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza kesi za madhara ya kiafya nchini Marekani. Sponji tu!

Nayo sayansi ilikuja na hesabu zake. Utafiti wa RECOVERY-RS, uliochapishwa Januari 2022, uliwafuatilia wagonjwa wa UVIKO-19 zaidi ya 1,200. Waliofikia kuwekewa mpira kooni au kufariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 36.3 kwa CPAP, dhidi ya 44.4 kwa oksijeni ya kawaida. Mashine ya puani ya kasi kubwa haikuonyesha tofauti na oksijeni ya kawaida kwa kipimo hicho. Kwa mnunuzi mwenye bajeti finyu, matokeo hayo yana uzito zaidi kuliko kipeperushi chochote cha muuzaji.

Lakini gharama inayouma haimo kwenye mashine. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba takriban lita 7,000 za oksijeni. Kwa barakoa ya kawaida inayotumia lita 10 kwa dakika, unadumu karibu saa 12. Ukiufunga kwenye mashine ya lita 60 inayotumia oksijeni tupu, hauzidi saa mbili. Mgonjwa mmoja, siku moja, mitungi 12 na zaidi. Vifaa hivi vinakunywa gesi kama lori la mizigo mlimani. Hata Uingereza ilionja: Aprili 2020 hospitali ya Watford iliwaomba watu wasiende idara yake ya dharura kwa hitilafu ya mfumo wa oksijeni, na toleo la pili la CPAP ya UCL lilisukwa upya mahususi ili lipunguze matumizi ya gesi.

Kwetu Afrika Mashariki oksijeni nyingi husafiri ndani ya vyuma. Gesi ya mtungi mkubwa haifiki kilo 10, ilhali chuma chake ni mara kadhaa ya hapo. Lori linalotoka mjini kwenda wilayani, kwa uzito, linasafirisha chuma. Njia mbadala ni mtambo wa kuchuja hewa hospitalini, ambao hutaka umeme usiokatika na fundi anayejua kubadilisha vichujio, au oksijeni ya kimiminika, ambayo lita moja hutoa zaidi ya lita 800 za gesi lakini huhitaji matangi maalumu ya baridi kali.

Mwelekeo wa mitaji sasa ni huko kwenye kimiminika. Mei 2024 shirika la afya la kimataifa Unitaid lilitangaza dola milioni 22 za Marekani kwa mpango wa kuongeza uzalishaji kupitia kampuni tatu: Hewa Tele na Synergy za Kenya, na TOL Gases ya Tanzania, ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni hatua nzuri, ingawa mzalishaji atadumu tu akiwa na hospitali zinazolipa ankara kwa wakati, janga liwepo lisiwepo.

Kwa hiyo afisa manunuzi anayeletewa mashine mpya ya kusaidia upumuaji aanze na maswali mawili kabla ya bei: inatumia lita ngapi kwa dakika, na vifaa vyake vya kubadilishwa vinapatikana wapi. Muuzaji asipokuwa na majibu hayo kwa maandishi, zabuni isisainiwe.