Jinsia na Hukumu ya Wapiga Kura

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol wa Korea ya Kusini alitangaza utawala wa kijeshi. Saa chache baadaye wabunge 190 waliowahi kufika bungeni walipiga kura, wote kwa kauli moja, kuupinga. Katika maandamano yaliyofuata, wanawake vijana walionekana kwa wingi kuliko wanaume wa rika lao. Tarehe 4 Aprili 2025 majaji wote 8 wa Mahakama ya Katiba waliamua aondolewe madarakani.

Je, tukio hilo lathibitisha kwamba wanawake huchukizwa zaidi na kiongozi anayevunja misingi ya demokrasia? Mwanasayansi hana budi kusita. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 Yoon aliahidi kuifuta wizara iliyoshughulikia usawa wa jinsia. Wapiga kura walipohojiwa wakitoka vituoni, ilionekana kwamba miongoni mwa vijana wasiozidi miaka 29 alichaguliwa na wanaume 59 hivi katika kila 100, lakini na wanawake 34 tu. Basi wengi wa wanawake hao walikuwa wapinzani wake tangu awali. Kuipenda demokrasia na kumpinga mtu ni mambo mawili, nayo hayatenganishwi kwa kutazama umati.

Hutenganishwa kwa jaribio. Wapiga kura huonyeshwa wagombea wawili wa kubuni, ambao jinsia, chama na sera zao hupangwa kwa bahati nasibu. Mmoja huongezewa kosa, kama vile kupuuza amri za mahakama. Kisha hupimwa kosa hilo limempotezea kura ngapi. Matthew Graham na Milan Svolik walitumia njia ya namna hii Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2020: mkosaji alipoteza yapata asilimia 12 tu ya kura zake, kwani wengi hawakuwa tayari kumwacha mtu wa chama chao.

Darasa nalo laweza kujaribu. Iandikwe habari fupi ya kiranja mkuu aliyeahirisha uchaguzi ili abaki na cheo. Nusu ya karatasi zimtaje kuwa msichana, nusu mvulana, nazo zichanganywe kabla ya kugawanywa. Kila mwanafunzi aandike adhabu ifaayo na jinsia yake mwenyewe, pasipo jina. Majibu yalinganishwe, ila ikumbukwe kwamba katika darasa la watu 40 tofauti ndogo yaweza kuwa nasibu tupu. Yafaa jaribio lirudiwe katika madarasa mengine kabla ya kutoa uamuzi.