Nani Alipie Shule, Nani Aiamulie?

Ndugu msomaji, wazazi wa Bukoba na Muleba wameombwa kura mara nyingi kwa ahadi ya elimu. Katika makala haya tutaipima ahadi hiyo pamoja na jambo ambalo majukwaani hutajwa kando yake, nalo ni mamlaka ya wananchi kuendesha mambo yao pale walipo. Kwa hakika mambo haya hayatengani, kwani atoaye fedha ya shule ndiye mwenye kauli juu yake.

Bukoba Mjini imewahi kujaribu mikono mbalimbali. Mwaka 2000 ilimchagua Wilfred Lwakatare kwa tiketi ya CUF. Mwaka 2005 na 2010 ikampa ubunge Khamis Kagasheki wa CCM. Mwaka 2015 ikamrudisha Lwakatare, safari hiyo akiwa CHADEMA. Majimbo mawili ya Muleba yalibaki CCM katika uchaguzi huo wa 2015.

Tuanze na elimu. Chini ya CCM, ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpango wa mwaka 2004 ukaeneza sekondari za kata, ambazo wananchi walizijenga kwa michango na nguvu zao. Mwaka 2010 mgombea urais wa CHADEMA, Dkt. Willibrord Slaa, aliahidi elimu bure hadi kidato cha sita, na wapinzani wake wakasema fedha hazitatosha. Miaka mitano baadaye CCM nayo iliahidi elimu bila malipo hadi kidato cha nne, ikaanza kuitekeleza Januari 2016, na mwaka 2022 ikafuta ada ya kidato cha tano na sita. Hapa tofauti ya vyama imepungua sana.

Tofauti iko kwenye madaraka. CHADEMA imenadi sera ya majimbo, ambamo viongozi wa eneo huchaguliwa na wakazi badala ya kuteuliwa na Rais. Tundu Lissu aliirudia mwaka 2020. CCM imeipinga kwa hoja kwamba italeta ukabila na ukanda. Yenyewe hufuata ugatuaji: madiwani huchaguliwa, lakini mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa huteuliwa.

Je, mzazi wa Muleba anaguswaje? Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara, kahawa ikiwamo, ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipata nafuu, ila mfuko wa halmashauri ulipungua. Tangu 2016 ruzuku hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Mzazi amepumua, lakini dawati likikosekana, diwani aliyemchagua hana fungu la kutosha, na mwenye fungu hakumchagua yeye.

Kabla ya kukimbilia majimbo, tukumbuke tetemeko la Septemba 10, 2016. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, na kuzijenga upya kulihitaji fedha kutoka nje ya mkoa. Kagera peke yake, yenye kutegemea kahawa, ndizi na samaki, ingezipata wapi? Hata hivyo, Serikali ilipoamua kuwa misaada iende kwenye majengo ya umma na kila mwananchi ajenge nyumba yake mwenyewe, wengi walionung'unika hawakuwa na mahali pa kuupinga uamuzi ule. Tukio hilo moja lilizipima sera zote mbili, na kila moja ikaonekana upungufu wake.

Basi, ndugu msomaji, kura ni amana. Mgombea wa majimbo na aulizwe: bei ya kahawa ikianguka, mishahara ya walimu itatoka wapi? Mgombea wa ugatuaji na aulizwe: ni lini halmashauri itapewa fedha za kutosha, na mkurugenzi atawajibika vipi kwa wazazi? Asiye na jibu hajastahili kuaminiwa watoto wetu, awe wa chama gani. Ahadi ni deni, na mdai wa deni hili ni mtoto aliyeketi sakafuni.