Majina Yaliyofichwa Ndani ya Kompyuta

Mama anayesuka kikapu Ngara, au anayefinyanga chungu Biharamulo, hupeleka kazi yake sokoni bila jina. Mnunuzi hutazama uzuri na bei, akaenda zake. Ni nani aliyekesha akiisuka? Swali kama hilo liliwagusa pia watu walio mbali sana na Kagera, waliotengeneza chombo ambacho siku hizi watoto wetu wanajifunza: kompyuta.

Mwaka 1982 kampuni ya Apple ya Marekani ilikuwa ikibuni kompyuta ndogo iitwayo Macintosh. Tarehe 10 Februari, kiongozi wa kazi hiyo, Steve Jobs, aliwakusanya wenzake wapatao 35, akawaambia kwamba msanii hutia sahihi katika kazi yake. Mmoja baada ya mwingine waliandika majina yao kwenye karatasi kubwa, naye Jobs akaandika mwisho. Sahihi hizo zilichorwa katika kalibu, na makasha ya plastiki yakatoka yakiwa na majina upande wa ndani.

Kompyuta hiyo ilitolewa tarehe 24 Januari 1984. Wengi walioinunua hawakuyaona majina hayo, maana kulifungua kasha kulihitaji bisibisi ndefu ya pekee. Aliyeyaona ni fundi. Mwaka 1985 watengenezaji wa kompyuta ya Amiga 1000 nao walitia sahihi ndani ya kifuniko. Hata Mitchy, mbwa wa Jay Miner, mmoja wa wakuu wao, aliwekewa alama ya unyayo wake!

Lakini kasha la Macintosh lilipobadilishwa miaka iliyofuata, baadhi ya majina yalitoweka kidogo kidogo. Jina lililofichwa hupotea bila mtu kulilia.

Akina mama wenzetu, tusingoje yetu yapotee. Mnaosuka kwa kikundi, kila mmoja achague alama yake, kwa mfano ukindu wa rangi kwenye kitako cha kikapu. Mfinyanzi aikwaruze yake chini ya chungu kabla ya kukichoma. Kisha andikeni katika daftari la kikundi: alama, jina la mwenyewe, tarehe na bei. Mnunuzi akirudi kutaka kingine, atajua amwulize nani, wala faida haitaishia kwa mchuuzi.

Na siku mjukuu atakapouliza nani alisuka kikapu hiki, mwambieni akigeuze. Jibu liwe pale chini.