Programu Umelipia, Msimbo ni wa Nani?

Biashara nyingi za Buzuruga, Mwanza, kuanzia maduka yanayoizunguka stendi hadi maghala na shule za upande wa Nyakato, sasa zinategemea programu za kompyuta. Duka la dawa linafuatilia dawa zinazokaribia kuisha muda. Muuza vifaa vya ujenzi anataka kujua tawi la pili limeuza mifuko mingapi ya saruji kabla hajaagiza mingine. Shule binafsi inafuatilia ada, SACCOS inafuatilia marejesho, na wenye mabasi wanakata tiketi kwa mtandao kama LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inavyowataka. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na vijana wa kujitegemea, mmoja au wawili wenye kompyuta mpakato, wanaopokea malipo ya awali kazi ikianza na salio ikikamilika.

Soko hili limekua kwa kuaminiana. Bei hupatanwa kwa simu, maelezo ya kazi hutumwa kwa WhatsApp, na ushahidi wa malipo ni ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money. Swali litakalowagombanisha baadaye halijadiliwi: msimbo chanzo, yaani maandishi yanayoiendesha programu na ambayo bila hayo hakuna fundi mwingine anayeweza kuirekebisha, utakuwa wa nani? Mwenye duka anaamini amenunua kila kitu, kwa sababu fedha zimetoka mfukoni mwake. Mwandishi wa programu anaamini ameuza matumizi tu, kwa sababu msingi wa programu hiyohiyo anatarajia kumjengea mteja mwingine wa Igoma. Wote wawili wanasema wanachokiamini, na wote wawili wanaweza kuumia.

Ugomvi wa aina hii unagharimu mauzo, data na majina ya watu, na unaweza kuepukwa kwa karatasi mbili zilizoandikwa kabla ya malipo ya awali kutumwa.

Vitu vitatu ndani ya bei moja

Mteja anapokubali bei ya kutengenezewa mfumo, ndani ya bei hiyo kuna vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni hakimiliki: haki ya kunakili programu, kuibadilisha, kuiuza au kumruhusu mwingine aitumie. Cha pili ni nakala ya msimbo chanzo wenyewe. Mtu anaweza kukabidhiwa msimbo bila kuwa mmiliki wake, na anaweza kuwa mmiliki kwenye karatasi huku msimbo umebaki kwenye kompyuta ya mwingine. Cha tatu ni funguo: nywila za seva, akaunti iliyosajili domeni ya .co.tz, akaunti ya Google Play, akaunti ya GitHub na namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho.

Aliyeshonewa suti huondoka na suti, lakini patani hubaki kwa fundi. Katika ushonaji jambo hilo linajulikana na halileti ugomvi. Katika programu bado hatujafika hapo, kwa hiyo ni lazima liandikwe.

Kipo pia kitu cha nne, na hiki hakipaswi kuwa sehemu ya mapatano ya bei hata kidogo: data. Majina ya wanafunzi, madeni ya wateja na kumbukumbu za mauzo ni za biashara, si za aliyejenga mfumo. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi. Sheria hiyo inampa wajibu anayekusanya taarifa za watu na anayezichakata kwa niaba yake. Shule inayoacha orodha ya wazazi kwenye seva ya kijana ambaye haina mkataba naye imejiweka pabaya, hata kama kijana huyo ni mwaminifu.

Sheria inaanzia kwa aliyeandika

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inaiweka programu ya kompyuta kwenye kundi la kazi za maandishi, pamoja na vitabu na vijitabu. Ulinzi huanza kazi inapoumbwa, bila sharti la kusajili. Hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, hakumpi mtu haki ambayo hakuwa nayo, ila humpa ushahidi mzuri wa tarehe na wa mtunzi, na siku ya shauri ushahidi huo una uzito.

Mambo mawili ya sheria hiyo yanafaa kujulikana na kila mfanyabiashara wa mkoa huu. La kwanza, mmiliki wa mwanzo ni mtunzi. Mteja anayetaka umiliki wote asitegemee risiti wala kimya. Ahakikishe mkataba unasema haki zimehamishwa, unataja haki zipi, na umetiwa saini. La pili, sheria hailindi wazo wala mbinu ya kufanya kazi; inalinda namna wazo lilivyoandikwa. Mwenye duka aliyebuni mtindo mzuri wa kukopesha wakulima pembejeo hawezi kudai msimbo kwa hoja kwamba wazo lilikuwa lake. Vilevile mwandishi wa programu hawezi kumzuia mshindani kutengeneza programu nyingine ya kazi hiyohiyo, mradi mshindani ameiandika mwenyewe.

Yapo pia mambo ambayo mwandishi hawezi kuyauza kwa sababu si yake. Mifumo mingi ya hapa hujengwa juu ya programu huria kama WordPress na Laravel. Laravel ina leseni ya MIT, ambayo masharti yake ni mepesi. WordPress ina leseni ya GPL, na kazi inayotokana na msimbo wa GPL ikikabidhiwa kwa mteja, lazima iende pamoja na haki ya kupata msimbo wake chanzo. Mwandishi anayemwahidi mteja umiliki wa asilimia 100 wa mfumo wa namna hiyo anaahidi asichokuwa nacho.

Ziwa moja, sheria tatu

Mwanza hufanya biashara na Kisumu, Kampala na Bukoba, na vijana wake wanaoandika programu wanapata kazi kutoka pande zote za Ziwa Victoria. Hapo wengi hushtuka. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inaelekea hukohuko: pasipo mkataba wa kusema tofauti, hakimiliki ni ya aliyeagiza kazi. Kijana wa Buzuruga anayemjengea mteja wa Kisumu mfumo wa stoo, kwa mkataba unaofuata sheria ya Kenya na usiotaja umiliki, anaweza kukuta ameuza msingi wote aliotegemea kuutumia tena nyumbani.

Nje ya kanda hii picha hubadilika tena. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini kazi ya mkandarasi huru hubaki kwa mkandarasi mpaka aihamishe kwa maandishi. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1989, katika shauri la shirika la Community for Creative Non-Violence dhidi ya mchongaji James Earl Reid, kwamba kumlipa mtu huru hakumfanyi kuwa mwajiriwa. Ndiyo maana mikataba ya kampuni za Marekani huwa na kifungu kirefu cha kuhamisha haki. Kijana anayesaini bila kusoma kifungu hicho ameshahamisha haki zake.

Kwa hiyo kila mkataba unaovuka mpaka utaje mambo mawili waziwazi: nani mmiliki, na sheria ya nchi gani itafuatwa.

Funzo la M-Pesa

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili katika Afrika Mashariki tunaubeba mfukoni. Programu ya mwanzo ya M-Pesa iliandikwa na kampuni ya Uingereza, Sagentia, kwa ajili ya Vodafone, na mradi ulisaidiwa na fedha za DFID, iliyokuwa idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza. Safaricom iliizindua Kenya Machi 2007, na Vodacom Tanzania ikafuata mwaka 2008. Wateja, mawakala na mtindo wa biashara vilikuwa vya hapa, lakini umiliki ulikuwa wa Vodafone, na kwa miaka mingi Safaricom iliilipa ada ya leseni. Hata seva zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya. Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom, kupitia kampuni ya ubia, zilipokamilisha ununuzi wa chapa ya M-Pesa pamoja na kazi ya kuiendeleza.

Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Vodafone ilikuwa imeandika mikataba yake mapema na ikavuna kwa mujibu wa mikataba hiyo. Walioikuza huduma walilazimika kununua, miaka 13 baadaye, kitu ambacho wateja wao walidhani ni chao tangu mwanzo. Duka la Buzuruga ni dogo, lakini swali lake ni hilohilo: biashara ikikua, utalazimika kumlipa nani ili uendelee kutumia mfumo uliokukuza?

Pale mambo yanapoharibika

Migogoro ya sekta hii ina sura mbili. Ya kwanza, mteja anachelewesha salio, na mwandishi anaufunga mfumo kwa mbali. Mauzo yanasimama, wateja wanarudi bila dawa, na deni la salio linageuka kesi ya hasara. Hapa vijana wanahitaji kuambiwa kwa upole na kwa uwazi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kosa kuingia kwenye mfumo bila idhini na kuharibu data, na kuwa wewe ndiye uliyeujenga mfumo hakukupi idhini ya kudumu. Deni halali linaweza kukugeuza mshtakiwa.

Ya pili, mteja anamlipa kijana, anapata msimbo, kisha anampa fundi mwingine aubadilishe jina na kuuzia maduka jirani. Mwandishi anayeona kazi yake ikiuzwa hivyo anaumia zaidi ya fedha, maana jina lake limefutwa. Asipokuwa na mkataba, atabaki kuonyesha ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe huo si bure: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Mikataba haikatai makubaliano ya mdomo. Lakini ujumbe usiotaja umiliki hauwezi kuthibitisha umiliki.

Karatasi mbili zinazotosha

Mkataba mzuri wa kazi ndogo hauhitaji lugha ya mahakamani. Uandikwe Kiswahili, na utaje mambo haya.

Kwanza, umiliki. Njia ya haki kwa wengi ni kugawa: kilichoandikwa mahususi kwa biashara hii ni cha mteja, na msingi wa jumla unabaki kwa mwandishi, ila mteja apewe leseni ya kudumu ya kuutumia na kuurekebisha. Mteja anayetaka kila kitu ajue bei itapanda, na hilo ni halali, kwa sababu ananunua pia kazi ambazo mwandishi angezipata baadaye.

Pili, wakati wa kuhama. Iandikwe kwamba haki zinahamia kwa mteja salio likishalipwa lote. Kifungu hicho humlinda mwandishi bila kumlazimisha kufunga mfumo wa mtu.

Tatu, funguo. Domeni, seva na akaunti za malipo zisajiliwe kwa jina la biashara tangu siku ya kwanza, na mwandishi apewe ruhusa ya kufanyia kazi. Mkataba ukiisha, ruhusa hiyo iondolewe mbele ya wote wawili.

Nne, amana. Pande zisipoaminiana kabisa, nakala ya msimbo iwekwe kwa wakili, atakayeitoa mwandishi akishindwa kuhudumia mfumo kwa muda uliotajwa. Hii inaifaa zaidi SACCOS au hospitali, ambayo haiwezi kusimama hata siku moja.

Tano, programu huria zilizotumika ziorodheshwe pamoja na leseni zake.

Kazi hii haipaswi kuachiwa kijana mmoja na mwenye duka mmoja, kila mara waanze upya. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, zinafika kwa wafanyabiashara wa Mwanza, COSOTA inaijua sheria, na Tume ya TEHAMA inawahudumia wataalamu wa fani hii. Taasisi hizi zikikaa pamoja na kutoa mfano mmoja wa mkataba kwa Kiswahili, bila malipo, zitakuwa zimelisaidia soko hili zaidi ya semina nyingi. Mfano huo ukichelewa, yeyote anayekaribia kutuma malipo ya awali asitume kabla majina mawili, sahihi mbili na jibu la swali la umiliki havijaandikwa.